Mwanangu na Warumi Waliokimbia Vita

Montesarno,
Sikukuu ya Mtakatifu Luka, 1287.

Mpendwa mdogo wangu Ghisola,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, mguu umepona? Na shemeji bado anakohoa? Sisi tu wazima, ila naandika kwa haraka, unisamehe mwandiko.

Anayekukabidhi barua hii ni mwanangu Bencivenni. Nakuomba umfiche.

Unajua mji ulimpa kazi ya kuandika habari zake tangu kale. Wasomi wako tele, wakamchagua wangu. Sikujisifu kwa mtu, isipokuwa majirani, na sokoni kidogo, na kwa padri.

Hapa kila mtu anajiita mjukuu wa Warumi. Bwana Tedaldo ndiye amezidi, ati babu yake ni jemadari aliyejenga ukuta wetu. Basi mwanangu kasoma vitabu vya kale kwa watawa, akaandika kwamba walioanzisha mji walikuwa Warumi kweli, lakini askari waliotupa ngao wakakimbia vita, wakajificha huku milimani.

Kitabu cha mji hakipigwi muhuri mpaka kisomwe kanisani mbele ya watu wote. Kimesomwa jana. Tedaldo akasimama: "Nani humu mtoto wa watoro? Ajitokeze nimwone sura."

Mwanangu peke yake pale mbele, amepauka. Nikasimama.

"Mimi hapa. Na wewe pia, bwana. Vita vya juzi si ulifika nyumbani kabla ya farasi wako?"

Kanisa zima likacheka, padri naye. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wazee wa mji wakaamuru mwanangu akwangue maneno yale kwa kisu kwenye ngozi ya kitabu kabla ya kengele ya jioni leo, la sivyo kitabu kichomwe na yeye afungwe.

Nimemsihi. "Kwangua, mwanangu, ni mistari michache tu."

"Mama, jana ulisimama wewe. Leo unataka mimi niketi?"

Nikamfungia mkate na jibini.

Watu wa Tedaldo wako mlangoni. Nimewaambia ana homa. Anapitia uani kwa jirani, kitabu kifuani. Asitoke nje kwako mpaka upate habari yangu. Anakula sana, ila hachagui.

Nisalimie shemeji Ranieri, binti yako Diambra na mama mkwe wako. Mungu awafunike nyote.

Naishia hapa, nikakae kando ya kitanda kitupu nimpe pole kwa sauti, wasikie.

Dada yako, mwenye kukupenda vilevile,
Berta