Maandazi Yaliyoitwa Ajira ya Kwanza

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Veneranda Lugembe. Umri: miaka 43. Kabila: Mnyamwezi. Dini: Mkristo. Kazi: Muuguzi. Makazi: Ntalikwa, Manispaa ya Tabora.
Tarehe: 18/03/2024, saa 4:20 asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema yafuatayo kwa hiari yangu, bila kushurutishwa na mtu.

Nimeajiriwa na serikali katika kituo cha afya. Jioni na siku za Jumamosi nafanya kazi katika zahanati binafsi iliyopo Kanyenye. Mhasibu wa zahanati hiyo ni Majidi, Mzaramo, ambaye ndiye ninayemlalamikia. Yeye ndiye hutulipa mkononi kila mwisho wa mwezi.

Tangu nianze pale, Majidi hunikata asilimia thelathini. Alinieleza kwamba mtu mwenye ajira mbili, ile ya pili hukatwa hivyo moja kwa moja, kwa kuwa nafuu ya kodi ameshaipata kwenye ile ya kwanza. Hilo ni kweli, nilishaulizia. Sikuwa na neno.

Siku ya malipo alikuwa na mazoea ya kuniambia, "Mtani, kodi yako nimeshaila na kuku wa kuchoma." Sote tulicheka. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo. Watu wetu wametaniana tangu enzi za wapagazi, na mtani anaweza kukuambia amemzika baba yako angali hai na usinune. Kwa hiyo mtu huyu alichukua fedha mbele ya macho yetu, akatutangazia kwamba anazila, nasi tukamjibu, "Ikupalie kooni."

Mnamo tarehe 14/03/2024 nilikwenda ofisi ya kodi kwa sababu nataka kufungua duka la dawa muhimu hapo Ntalikwa. Ofisa aliyenihudumia, mama Tekla, alinieleza kwamba kodi ya mshahara hupelekwa na mwajiri, lakini ya duka nitakadiriwa na kuilipa mwenyewe. Kisha akatazama kompyuta yake akasema, "Mbona ajira naiona moja tu? Hiyo zahanati haijawahi kutuletea kodi yako." Niliona aibu kana kwamba mwizi ni mimi.

Hapo nikamkumbuka Shamila Twalibu, mfanya usafi wa zahanati, mjane anayelipwa shilingi laki moja na nusu. Alfajiri kabla ya kazi hukaanga maandazi na kuyauza kibarazani kwake Isevya. Majidi alimwambia mbele yangu kwamba maandazi ndiyo ajira yake ya kwanza na zahanati ni ya pili, basi naye thelathini. Elfu arobaini na tano kila mwezi, mwaka wa pili sasa. Nilimwuliza mama Tekla. Alivua miwani akasema, "Maandazi si ajira, nani kamwajiri? Hiyo ni biashara yake. Ajira anayo moja, na mshahara huo haufikii hata kiwango cha kukatwa." Majidi huyo huyo hula maandazi ya Shamila kila asubuhi kwa mkopo, na sijaona akilipa.

Tarehe 16/03/2024 nilimweleza mwenye zahanati, Daktari Abdulatifu. Alisema kodi yangu humkabidhi Majidi aipeleke. Makato ya Shamila hakuyajua kabisa. Akamwita mhasibu wake. Majidi hakukana. Aliketi, akachokonoa meno, akasema kwa macho makavu, "Mtani, si nilikuwa nakwambia kila mwezi? Lini nilikuficha?" Nilipomwambia nitamshtaki, akaniuliza tangu lini mtani akapelekwa polisi.

Jana mjomba wangu Sylvester naye alinipigia simu, kwamba natia ukoo aibu, kwamba jambo hili lingemalizwa nyumbani kwa kuku mmoja. Nilimwambia, "Shikamoo mjomba, lakini hapana." Mtani hukunyang'anya kofia msibani, ukaikomboa, mkacheka. Hachukui unga wa ngano wa mjane kisha akajilamba vidole. Mtu wa namna hii ananitia kinyaa, na naomba neno hilo liandikwe kama nilivyolitamka.

Fedha zangu nitazidai baadaye. Ninachotaka kwanza ni Shamila arudishiwe zake. Nimekuja naye, yuko nje kwenye benchi. Amekataa kuingia mpaka nimuulizie kama kutoa maelezo nako kunakatwa.

Hayo ndiyo niyajuayo. Nimesomewa, nimeyakubali, naweka sahihi yangu.

Sahihi: V. Lugembe

Nimeyaandika mimi, Koplo Amon. Baada ya shahidi kusaini nilitoka nje kumwita Shamila Twalibu. Nilimweleza kwamba hapa hakatwi mtu kitu. Ameomba nimwandikie hilo kwanza, niweke na muhuri.