Aliyekunywa Damu Yako

Meshuko, rafiki yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako. Kwako sasa hakuna cha kuhofia. Hofu yote imebaki huku kwetu, na nyingine hupanda Landrova pamoja nami kila asubuhi na kukaa kwenye kiti chako.

Wanasema ulinyonywa. Kuanzia geti la hifadhi hadi Endulen wanasema hivyo, na huku Karatu mjini ndiyo usiseme. Eti ile damu uliyojitoa mwenyewe kule Enguserosambu ndiyo iliyokuua. Eti kichupa kilikwenda Arusha, Arusha ikakipeleka Ulaya, na huko kuna mtu mnene anazidi kunawiri kwa ajili yako. Wananisimulia mimi! Mimi niliyekuwa dereva wako, niliyesimama pale nikikuona, wananisimulia kana kwamba siku hiyo nilikuwa safarini.

Unaikumbuka siku yenyewe, tulipokwenda kuchanja ng'ombe. Wazee wamekaa kwenye nyasi, ng'ombe wamezuiwa nyuma ya kilima, na hakuna aliyekubali kuleta hata ndama. Chanjo hawakuikataa. Walivikataa vile vichupa vyetu vya damu. Nikadhani ni ukaidi tu, nikaanza kununa. Ukanivuta pembeni ukaniambia, "Boay, sisi ng'ombe tunamtoa damu tangu zamani, lakini anayeinywa tunamjua." Ukanieleza kwamba mshale ukishapigwa shingoni na kibuyu kikakingwa, boma zima linajua kibuyu kile kinakwenda kwa nani: kwa mama aliyejifungua, kwa kijana aliyetoka jandoni, kwa mgonjwa. Sasa sisi tumekuja na gari la serikali, tunajaza vichupa, tunavifungia kwenye sanduku la barafu, tunaondoka. Mzee mmoja akauliza, "Huko Arusha nani kajifungua?" Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Ukawaambia damu inakwenda kuangaliwa tu, waone kama chanjo ya nyuma imeshika. Wakaguna. Nani hutoa damu ili aiangalie? Ndipo ukakunja mkono wa shati, ukatoa sindano mpya kwenye karatasi yake, ukajichoma mkono wa kushoto, ukajaza kichupa na kukiinua juu wote wakione. "Na yangu inakwenda na ya ng'ombe wenu," ukasema. "Nikifa, mjue."

Ulisema kwa utani, ukiwa umetoa meno yote nje. Wakacheka, wakaleta ng'ombe, tukachanja hadi mikono ikafa ganzi.

Halafu ukafa, Meshuko. Mwaka haukwisha ukafa.

Macho yakawa njano, tumbo likajaa maji, ukakonda mpaka lubega ikawa inakuvaa wewe. Daktari wa misheni alisema ni ini, na kwamba lilianza kuharibika miaka mingi nyuma. Nilimuuliza juu ya ile sindano. Akasema sindano ya siku moja haifanyi kazi ya miaka. Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, unanijua mimi, naye akanijibu vilevile. Nikatoka pale nikimtilia shaka kwa sababu jibu lake halikubadilika. "Boay," ulikuwa ukiniambia, "wewe hata kivuli chako utakiomba kadi ya chama." Sasa huna habari jinsi nilivyozidi.

Nimewaza sana kwa nini watu wanaamini haya mambo, na sitaki kusema ni ujinga. Mtazame baba yako. Alizaliwa chini, ndani ya kreta, akachunga kule ujana wake wote, kisha asubuhi moja magari yakaja na watu wakapakiwa na vyombo vyao, wakaletwa huku juu kwenye ukungu. Aliuliza sababu, akaambiwa afanye haraka. Tangu hapo anajitafutia sababu mwenyewe. Mara ni dhahabu, mara kuna mkubwa anataka kujenga, mara wazungu wamewanunua faru kwa hesabu ya kichwa. Hazipatani hizo sababu zake, naye anaziamini zote. Simcheki. Wangenipakia mimi vile bila neno, ningekuwa na sababu nyingi kuliko zake.

Na mama yangu je? Yeye ni Mwiraqw aliyezeekea kwenye shamba lake, hakuna aliyemgusa. Lakini tulipokuwa wadogo, gari likilia jioni alikuwa anatuswaga ndani kama kuku: mumiani hao, wanatafuta damu! Leo mwanawe ndiye anayeendesha gari. Na nikipita jioni nikakuta watoto njiani, wananitazama kidogo, halafu wanapotelea kwenye mahindi.

Aliyenifungua macho ni Bakari wa dukani, rafiki yako wa kahawa. Nilikuwa nimekwenda kutafuta sabuni, ambayo hakuwa nayo. Akaanza: "Mtu mzima kama Meshuko, simba hakumweza, nyati hakumweza, afe na ini? Ini gani? Yule hata bia hakunywa!" Alipofika hapo machozi yakamtoka, akageukia rafu tupu akajifanya anapanga vitu. Nikamwelewa. Hakuwa na hamu ya uzushi. Alikuwa anakupenda, na kifo cha ini anakiona kidogo mno kwako, kwa hiyo anakutafutia kikubwa zaidi.

Mimi nilifanya vibaya kuliko yeye. Nilimkumbuka yule mtafiti tuliyempa lifti, aliyekuuliza kama huwa unaumwa. Nikakumbuka kwamba mkubwa wetu ofisini alipata pikipiki mpya karibu na msiba wako. Nikaviunganisha. Ukitaka kuunganisha vitu vinaungana tu, havikatai. Nilikuwa nikimsalimia mkubwa asubuhi huku naitazama ile pikipiki kwa chuki, na moyoni nakuambia subiri, nitamkamata.

Basi sotoka ikaonekana tena upande wa Soitsambu. Unaijua kuliko mimi: ng'ombe anatoa machozi, anaharisha, na boma lililokuwa na mali linabaki na ngozi. Tukaambiwa twende Endulen haraka. Tulipofika, Nasieku, mke wako, alikuwa amewaficha ng'ombe wako korongoni.

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Wale ng'ombe ndio maziwa ya wanao, ndio nguo zao, ndio kila kitu ulichowaachia. Na boma zote zilikuwa zinamtazama yeye. Ikiwa mjane wa mtu wa chanjo anaikataa chanjo, nani mwingine ataleta wake?

Nilikwenda kwake. Hakunifukuza. Alinipa maziwa, akangoja nimalize, akasema, "Shemeji, nionyeshe nani alikunywa damu ya mume wangu. Ukinionyesha, nitaleta ng'ombe. Hata kama ni mtu mbaya, wewe nionyeshe tu."

Mimi mwenyewe nilikuwa namtafuta huyo huyo. Nikamwambia panda gari, twende Arusha kilikokwenda kile kichupa.

Akakaa kwenye kiti chako. Alikuwa hajawahi kuvuka Karatu, lakini njia nzima hakuuliza kitu, hata tulipoteremka Mto wa Mbu na joto likatupiga. Niliyekuwa na haraka ni mimi. Nisikufiche, nilitaka tukute mtu. Nilitaka afungue mlango, awe na uso, awe na jina, nimshike shati.

Tulikuta mzee wa maabara mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ilimchukua muda kuelewa shida yetu. Kisha akauliza, "Hicho kichupa kilikuwa na namba ya sikio la ng'ombe?" Nikasema hapana, ilikuwa damu ya mtu. "Basi kisicho na namba tunamwaga." Masikio yako makubwa yale, Meshuko, na hayakuwa na namba hata moja!

Nasieku akataka kuona inapomwagwa. Mzee akatupeleka nyuma, kando ya choo. Kulikuwa na shimo lenye chokaa na majivu, na vizibo vya mpira vimetapakaa ukingoni. Akatuambia hata za ng'ombe, zikishapimwa, huishia humo humo.

"Hakuna aliyekunywa?" Nasieku akauliza.

"Anywe nani, mama?"

"Hata mbwa?"

"Huwa tunafunika," akasema yule mzee, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Nadhani hapo ndipo alipoelewa.

Nasieku alilitazama lile shimo kwa muda, akageuka, akarudi garini. Tukaanza kupanda tena ule mlima wa Mto wa Mbu. "Huyu hadanganyi," akasema. "Angekuwa anadanganya, angetafuta kitu kizuri." Kisha akajifunika uso kwa nguo yake na kulia. "Afadhali angekunywa mzungu, shemeji. Nilikuwa najiambia yuko mtu mahali anaishi kwa ajili yake."

Niliegesha gari pembeni. Na mimi nililia, na malori yakawa yanatupita yakipiga honi.

Kesho yake ng'ombe wako walitoka korongoni. Nasieku aliwaleta mwenyewe wa kwanza, akasimama pale kwenye uchochoro wa miti tunakowabania kuwachanja, akawaeleza wanaume kwa Kimaasai yote aliyoyaona: shimo, chokaa, choo. Hakuacha hata choo. Baba yako alitema mate, akasema mkwe wake amehongwa kwa kupandishwa gari, na baadhi ya watu wakaondoka na mifugo yao pamoja naye. Wengi walibaki. Lakini walitoa sharti, kwamba kila damu inayoondoka, sisi wenyewe turudi kuwaambia imesema nini. Nikawajibu wana haki, maana kweli hatujawahi kurudi. Mkubwa ofisini anasema petroli ya kurudi haipo. Nitampigia kelele mpaka ipatikane, na hiyo pikipiki yake ataniazima.

Usidhani maneno yamekwisha. Nilimweleza Bakari habari ya shimo, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Walikuonyesha shimo. Friji walikuonyesha?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikaiwaza hiyo friji juma zima. Naendesha, naiona friji. Nakula, friji. Nilikaribia kuomba ruhusa nirudi Arusha.

Sikwenda. Siyo kwamba nimepona, rafiki yangu. Ila nilijiuliza nikiikuta hiyo friji nitafanya nini, nikaona kwamba nitafurahi. Nitafurahi kabisa. Tangu ulipoondoka, kila niliyemshuku alinipa kazi ya kukufanyia. Nilikuwa naamka nikiwa na mtu wa kumfuatilia, na ilikuwa kana kwamba bado tuko safari moja, wewe unanicheka na mimi nachungulia. Nikiliacha hilo nabaki na ini. Ini halina shati la kushika. Nabaki na kwamba ulikuwepo, na sasa haupo, na hakuna aliyetaka iwe hivyo.

Naogopa kukaa nalo hilo. Lakini Nasieku amekaa nalo, na amekamua ng'ombe asubuhi, na amewapa wanao maziwa.

Pumzika basi, Meshuko. Ng'ombe wako wote wamechanjwa, na mpaka leo ninapokuandikia hakuna aliyetoa chozi. Nakuahidi nitapita bomani kila gari likielekea huko, na nitawapelekea majibu ya damu yao hata kwa miguu. Na hili nakuahidi kwa shida kuliko yote: sitakutafutia muuaji tena. Nitakulilia tu.

Rafiki yako,
Boay