Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 2 Machi 1998
Reli ya Tabora kuja hapa Mpanda bado imekatika. Asubuhi nimetuma ujumbe wa zahanati kwenda ofisi ya Dar kwa kompyuta iliyounganishwa na simu ya upepo. Kompyuta ikaandika kama kawaida: umefika. Mchana Dar wakauliza kwa sauti mbona tuko kimya. Hawajapata kitu. Dripu za zahanati ya Kibaoni hazijaagizwa, na kule watu wanaharisha. Mkuu wangu, Bwana Kasonta, kanigombeza mbele ya madereva. Nina hasira.

Jumatano, 4 Machi
Nimelipata. Kosa si langu. Kasonta ndiye aliyeamuru programu ya simu ya upepo ihamishiwe kompyuta mpya yenye Windows. Humo haigusi mashine yenyewe. Windows inaiundia kompyuta ya kuigiza, nayo inadhani ni ya kweli. Saa ya humo inarukaruka, ujumbe unakatika njiani.
Nimemweleza. "Vero, wewe ni karani, si fundi. Wafadhili wameleta kompyuta mpya, itatumika."
Dripu nimeziagiza kwa sauti. Koo linauma.

Ijumaa, 6 Machi
Ipo programu ya bure ya kutambua kompyuta za kuigiza. Wameiandika watu wa nchi mbalimbali, wanajitolea, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Ninayo kwenye disketi tangu chuo. Nimeijaribu ndani ya Windows ya hii mpya. Ikajibu: mashine ya kweli.
Nayo imedanganywa! Basi nitairekebisha mimi. Wenzangu wakienda kula, nabaki.

Alhamisi, 12 Machi
Imekubali. Naisoma saa ya ndani mfululizo. Kwenye mashine ya kweli inakwenda sawasawa, kwenye ya kuigiza inaruka. Mistari michache tu. Mchana nimechomeka kompyuta ya zamani kwa siri, nikatuma ujumbe wote uliokwama. Mwishoni, kwa njia hiyo hiyo, nikamtumia kazi yangu Henrik, msimamizi wa ile programu, huko Denmark.

Jumanne, 17 Machi
Henrik kajibu. Anashukuru, ila huenda mashine yangu ni mbovu. Anasema nimwachie mwenye uzoefu.
Nimwachie nani? Hapa Mpanda nipo mimi.
Kasonta kasikia. Kacheka, kanikataza kugusa kompyuta tena. Nimegusa. Nimepima upya kompyuta zote mbili, nimemtumia Henrik matokeo. Nikamalizia: jaribu kwako kwanza, ndipo unijibu.

Jumatano, 25 Machi
Kajaribu. Kwake pia inaruka! Kipande changu kimeingia, na jina langu, na neno Mpanda.
Leo nimekiunganisha na programu ya simu ya upepo. Ukiiwasha ndani ya Windows, inagoma na kusema kwa nini. Ikamgomea Kasonta.
"Toa hicho kitu."
"Sitoi. Nifukuze, Bwana Kasonta, ila umweleze mwenyewe nesi wa Kibaoni kwa nini ujumbe wake haufiki."
Akatoka. Mimi nikakaa chini.

Jumapili, 5 Aprili
Kasonta hanisalimii. Lakini juzi kaibeba mwenyewe kompyuta ya zamani, kaiweka mezani kwa simu ya upepo.
Nesi wa Kibaoni yuko mjini. Dripu zilifika kwa ndege, wagonjwa wamerudi makwao. Mzee mmoja alifariki kabla hazijafika. Nimemuuliza jina. Sospeter. Nimemwombea kanisani, halafu nikarudi nyumbani, nikapika wali, nikala peke yangu, mlango wazi.