Fasi Maji Inatulia

Mpendwa Kambale, mdogo wangu,

Binti yako Masika anavuka mpaka wa Kasindi Jumatatu, anakwenda Mombasa kuchukua mizigo. Jana, akinifuta miguu, aliniuliza: "Baba mukubwa, papa yangu aliingilia fasi gani mu maji? Nataka nikanyage pale."

Nikamwomba karatasi na kalamu. Ni swali lako lilelile.

Unakumbuka siku ile kule Mombasa tulipokuwa tukingoja kontena letu, tukashuka ufukweni kuoga. Ulinicheka: mwalimu mzima anaogopa maji ya chumvi. Kisha ukaniuliza uingilie wapi. Mawimbi yalivunjika huku na huku, na katikati palikuwa na njia tulivu, rangi yake nzito. Kwetu Kamango, mtoni Semuliki, baba alitufundisha kuvukia pasipo na povu. Nikanyoosha kidole: "Ingilia pale, fasi maji inatulia."

Utulivu ule ulikuwa maji yanayorudi baharini. Yalikuchukua kabla hujamaliza kunicheka. Nikaita: "Kambale, kuya kwangu, moja kwa moja!" Ukanitii. Ulipiga maji kunielekea, hukusogea hata hatua, mpaka mikono ikaishiwa nguvu.

Baadaye mama mmoja muuza mihogo alinieleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Pasipovunjika wimbi ndipo maji yanaporudi. Mkondo ule hauvuti mtu chini, unampeleka mbali na ufuko tu. Aliyechukuliwa asishindane nao. Aelee, ainue mkono aonekane. Akiwa na nguvu, aogelee sambamba na ufuko mpaka atoke mkondoni, ndipo arudi nchi kavu. Na aliye ufukweni asimwite mtu kuja moja kwa moja.

Nilirudi Butembo nikasema nilikukataza, ukaziba masikio. Mchungaji akahubiri juu ya utii mbele ya picha yako. Masika alikaa kiti cha kwanza, miguu haifiki chini. Amekua akiamini kiburi chako ndicho kilichomnyima baba. Nami kila nikifumba macho unakuja bado, unanitazama usoni, hufiki.

Mwili wangu umekwisha, Kambale. Ninaogopa kufa, lakini zaidi ninaogopa Masika asimame mbele ya maji yale akiwa na uongo wangu, achague, kama mimi, pale panapotulia.

Nasikia ndala zake uani. Barua hii ninampa yeye aisome, nikiwa ningali na macho ya kumtazama.

Ni mimi, yaya wako, kaka uliyemtii.