Ukuta Unaoonekana Kutoka Baharini

Jumamosi, 1 Aprili

Nyumba yetu imekuwa ya kijani. Kijani cha chupa, na maandishi ya njano yenye kimo cha mtu: jina la rangi, na chini yake HAICHUJI. Kaka amesimama barabarani anaitazama kama mtu aliyeozesha binti leo. Kampuni ya rangi ilikuwa inautaka ukuta wetu wa mbele, ule unaotazama bahari, iweke tangazo. Badala yake imetupa mabati mapya ya nyumba nzima.

Sikupinga. Ningepingaje? Mama kifua kinamsumbua, na chumbani kwake kila mvua ni ndoo hapa, beseni pale. "Nimelala na ndoo mara nyingi kuliko nilivyolala na baba yenu," alisema, na Kaka akacheka mpaka akakaa chini. Jioni ikanyesha. Tulikaa sebuleni tunasikiliza. Hakuna tone! Mama alilia kidogo, akasema ni vumbi la mafundi.

Lakini Baba... Kila mwaka kabla ya masika alikuwa juu ya ngazi na brashi na ndoo yake ya chokaa. Babu alipojenga hapa kilimani, watu wa bandari wa wakati ule walimwambia ukuta wa mbele uwe mweupe siku zote. Nyuma yetu, juu zaidi, kuna tangi la maji. Nahodha akiuona ukuta mweupe umekaa sawasawa chini ya tangi, yuko katikati ya mlango wa bandari. Ukienda pembeni, anaelekea mwambani. Bandari ilituletea chokaa bure. Ikaja treni, meli zikapungua, na chokaa ikapungua. Ikaja barabara ya lami, treni nayo ikafa, reli zikang'olewa zikauzwa chuma chakavu. Chokaa ikakoma. Baba akawa anainunua mwenyewe. "Ukuta huu si wetu," alikuwa akisema. Sisi tukimwona mzee ana lake. Alipofariki hakuna aliyepanda ngazi tena, lakini weupe ulibaki, umeparara hivyo hivyo.

Meli ya mwisho niliiona nikiwa darasa la nne. Nimejikumbusha hilo mara kadhaa leo.

Mume wangu hajaona chochote. Aliondoka juzi, kabla mafundi hawajaja, na lori la chumvi kwenda mji mkubwa, kaskazini ya mto. Sijamwambia. Nataka arudi ayaone mabati kwa macho yake, ashangae.

Jumanne, 4 Aprili

Daraja limekwenda. Redio inasema "limepata hitilafu." Limekwenda! Nguzo na yote, usiku wa kuamkia leo, mto umelibeba mpaka baharini. Mkoa umekatika vipande viwili. Sisi tuko kusini. Dizeli, unga, dawa za hospitali na mume wangu viko kaskazini.

Na mimi, kwa bahati yangu, kidato cha tatu leo nilikuwa na mada ya Usafiri na Uchumi wa Mkoa Wetu. Wiki iliyopita niliwaandikia ubaoni: barabara ndiyo uti wa mgongo wa mkoa. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mgongo ukivunjika?" Darasa likacheka. Nikamwambia akae. Nikafuta ubao.

Alhamisi, 6 Aprili

Maduka yanafunga mapema kwa sababu hayana cha kuuza. Sasa ghafla kila mtu amekumbuka bahari! Wamefyeka nyasi bandarini, wamefungua ofisi, na karani wa bandari — huyu tunayemwita Bwana Kesho, maana hajawahi kumhudumia mtu siku hiyo hiyo — amevaa sare. Serikali ya mkoa inafufua meli ndogo ya mizigo iliyokuwa imelala kaskazini miaka na miaka. Italeta unga na watu waliokwama.

Nilimpitia nikitoka shule. Nikamuuliza, maboya ya kuonyesha mlango bado yapo? "Yapo, Mwalimu, yapo," akasema, bila kuinua macho. Nikarudi nyumbani moyo umetulia. Ukuta haufai kitu tena, na Baba anisamehe.

Jumapili, 9 Aprili

Simu imeshika leo kwa dakika chache. Mnara wa ng'ambo unapata umeme kwa kudokoa. Mume wangu amechoka kulala ndani ya lori. Anataka kuvuka mto kwa mtumbwi kama wenzake. Lori ataliacha kwa rafiki. Nikamwambia, wewe! Mtumbwi mto huu? Juzi wamezama watu wanne. Subiri meli. Akasema meli ile ni kopo. Nikasema heri kopo. Tukavutana, mwishoni akacheka: "Haya, mke wangu, nitapanda kopo lako."

Basi nimemshinda. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatano, 12 Aprili

Mvua. Shule imefungwa, hakuna unga wa kuwapikia wanafunzi. Mama hakohoi sana. Kaka kanunua kiberiti kwa bei ya sabuni, anapiga kelele nyumba nzima.

Ijumaa, 14 Aprili

Naandika haraka, mwandiko wenyewe unaonekana.

Mume wangu amepiga simu saa tano, yuko gatini, anapanda. Meli inaondoka jioni, itapitia vijibandari vya njiani, Jumapili asubuhi iko hapa. "Na unajua nahodha ni nani? Hutaamini. Mjomba!"

Mjomba wangu! Kaka yake Mama. Alistaafu zamani, kumbe wamemfuata kwake kijijini, kwa sababu manahodha vijana wote wamekataa mlango wetu. Hawaujui. Mume wangu alikuwa na furaha. Anasema Mjomba amewacheka na vifaa vyao, kile cha melini chenyewe kimekufa. Amewaambia yeye haingii kwa mashine. Ataufuata ukuta wa marehemu shemeji yake, kama alivyozoea.

Nikasema, "Mwambie ukuta—"

Simu ikakatika. Nimepiga mpaka betri imeisha. Nimechaji, nimepiga tena. Haipatikani. Haipatikani. Yule dada wa kwenye simu nimemtukana, Mungu anisamehe.

Nilimwambia Mama jikoni. Aliweka mwiko chini polepole. "Kaka yangu anakuja kwa ukuta?" Nikasema ndiyo, na mkwe wako yuko humo. Akatazama juu, kwenye mabati.

Jumamosi, 15 Aprili

Asubuhi nilikwenda mpaka mwisho wa gati nitazame mji wetu kama anavyouona mtu anayekuja. Nilitafuta nyumba yetu. Haipo! Kijani ndani ya miti ya kijani. Maandishi ya njano kwa mbali ni kama majani makavu. Nyumba yote imefutika kilimani, limebaki tangi peke yake juu.

Halafu nikaona kibaya zaidi. Chini kushoto kuna ghala jipya la mfanyabiashara wa saruji. Jeupe pe. Kilima kizima hakina kingine cheupe. Mjomba hajawahi kuliona, limejengwa yeye ameshastaafu. Ataona weupe, ataona tangi, ataviweka katika mstari mmoja kama alivyofanya maisha yake yote — na mstari ule unapita juu ya mwamba. Nilichora kwa kidole juu ya ukingo wa gati, nikachora tena. Unapita juu ya mwamba.

Na maboya? Nimeliona moja. Liko ufukweni, limelala ubavu, limepasuka. Mtu amefungia mbuzi wake hapo.

Niliingia ofisini kwa Bwana Kesho bila hodi. Mpigie nahodha kwa redio, umwambie ukuta si mweupe tena. Akasema redio haina betri, betri iko kwenye gari la mkubwa. Mkubwa yuko wapi? Kaskazini. "Lakini meli za siku hizi zina setilaiti, Mwalimu, usijitie presha. Njoo kesho asubuhi tuone."

"Kesho asubuhi ndiyo meli inafika!"

Akakuna kichwa. Namchukia. Hapana, simchuki, ila ningeweza kumpiga na ile kofia yake mpya.

Wavuvi nao nimewaomba watoke wakaikute meli mbele. Wamenionyesha mawimbi yanavyovunjika mlangoni, na hata sikuwabembeleza sana. Nao wana wake.

Nyumbani nilimkuta Kaka juu ya ngazi ya Baba, mvua inamnyeshea, anapaka chokaa. Chokaa juu ya rangi ya mafuta! Inateleza kama uji mdomoni kwa mtoto asiyetaka. Anapaka, inashuka. Anapaka, inashuka. Chini dimbwi jeupe, juu kijani kinang'aa kimeoshwa. HAICHUJI. Kampuni haikutudanganya.

Alishuka akakaa kwenye matope. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyewaleta." Nikamwambia ni sisi sote, nyamaza. Na kweli ni sisi sote. Nilipenda sana kulala bila ndoo.

Ni Mama aliyesema mashuka.

Alitoka na sanduku lake, akalifungua kizingitini. Mashuka meupe ya arusi yake, yamekunjwa na karafuu. Hatukuwahi kuruhusiwa hata kuyagusa. "Shoneni," akasema. Jirani yetu fundi cherehani akaleta mashine yake barazani kwetu, na habari ikatembea, wakaanza kuja. Kila nyumba na shuka lake. Fundi akawa mkali kama mwalimu mkuu: hili lina maua, rudisha, hili la krimu, rudisha, hili limekuwa kijivu, mama, hebu badilisha sabuni! Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kuhusu ghala nilikwenda mwenyewe. Nikamwomba mlinzi aturuhusu tulifunike kwa turubai. Akasema bila bosi hawezi, na bosi yuko ng'ambo. Nimechoka na watu walioko ng'ambo.

Mama amelala kwenye godoro tupu. Nimemfunika koti la Baba. Mvua inapiga mabati, na ndani pakavu kabisa. Aliniambia, macho yamefumba, "Ningeendelea tu na ndoo zangu."

Jumapili, 16 Aprili

Mvua imekatika. Jua dogo, limefunikwafunikwa.

Tumeyapandisha alfajiri, misumari kwenye mbao za paa, mawe chini. Mpaka kunapambazuka ukuta ulikuwa mweupe! Fundi alirudi nyuma akautazama, akasema yeye tangu aanze ushonaji hajavalisha mteja mkubwa hivi.

Kisha upepo. Unaingia nyuma ya mashuka, yanafura, yanapinduka, kijani kinatokea. Misumari miwili imeng'oka. Sasa tumeyashika kwa mikono, majirani wamepanga mstari kutoka kona hadi kona, migongo ukutani. Wa juu wako kwenye ngazi na meza. Mikono yangu imekufa ganzi. Fundi amenipokea ncha yangu, kaa Mwalimu, utaanguka. Nimekaa kizingitini. Kukaa bure siwezi, naandika.

Kaka hayupo hapa. Ameteremka ghalani na ndoo ya matope. Namwona kutoka hapa, mdogo, anatupa matope kwenye ule ukuta mweupe kwa ndoo, kwa mikono. Mlinzi anamkimbiza na rungu. Kaka anazunguka kona, anatupa tena.

Meli imetokea nyuma ya rasi. Ya kijivu, ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Sitaha imejaa watu, wanaonekana kama nukta tu. Mmoja wao ni wangu. Mimi ndiye niliyemwambia panda.

Imepiga honi. Imepunguza mwendo nje ya mlango. Mjomba ameona kitu hakielewi — weupe mara mbili. Mama ananiuliza, anatuona? Nimemwambia anatuona.

Mlinzi ameweka rungu chini. Amechukua ndoo! Wanapaka wote wawili. Nusu ya ghala imekuwa ya kahawia. Nusu bado inang'aa, na jua ndiyo kwanza linaipiga.

Upepo tena. Kona ya kushoto imetoka. Mtu ameanguka na meza, ameinuka, anaikimbilia.

Mama amevua kitambaa chake cheupe cha kichwani, anakipunga. Mama yangu, kichwa wazi mbele ya watu, anaita kwa kifua kile kile kibovu: "Kaka! Huku! Huku kwa shemeji yako! Huku!"

Meli imeanza kuingia. Pua inageuka, polepole, kuelekea kwetu. Nafikiri kwetu. Kutoka hapa sioni vizuri imepita wapi, inabidi nisimame.

Honi tena. Ndefu.

Mama ameacha kuita. Meli imeupita mwamba, naye anafunga tena kitambaa chake.