Kiprogramu cha Bwana Shee

Jumanne, Lamu

Kivinjari hiki kina roho mbaya. Kutwa nimehangaika na kiprogramu cha Java cha Bwana Shee, baba wa Salma, binti ninayemposa. Ni cha kizamani, hufunguka ndani ya kivinjari, na mzee anataka kimletee hali ya bahari kutoka seva ya Mombasa kabla boti zake hazijaenda kisiwani Ndau. Nikakiwekea maktaba ya msimbo ya kuita huduma za wavuti, kiiulize Mombasa moja kwa moja. Kivinjari kikakizuia: kizungumze na seva iliyokileta tu, yaani yetu ya hapa Lamu.

Nilikuwa dakani kwake, kwenye baraza la mlangoni. Mimi wa bara sijawahi kupitishwa ndani, na naogopa hilo ndilo jibu lao la posa.

"Kimewekwa dakani kama mgeni," nikamweleza.

"Mgeni gani, hata maji haombi?"

"Humwomba mwenyeji, na mwenyeji ndiye..."

Hapo nikarudi kwenye kibodi. Nikaiagiza seva yetu yenyewe, ndiyo mwenyeji wa kiprogramu, iulize Mombasa na kuleta jibu. Alasiri hali ya bahari ikatokea kwenye skrini.

Bwana Shee akacheka, akaibeba kompyuta yangu, akaingia nayo ndani kumwonyesha mkewe.

Basi kompyuta yangu imeshaonana na mama mkwe. Mimi nimeletewa chai nje.