Kisha ugonjwa mufupi

Butembo, siku ya ine

Na yote hii ni juu ya uvivu wa bidole byangu. Komunike za kilio, matangazo ya bafu yenye ninaandikiaka radio, zinafanana, donc niliwekaka programe ku ordinateur: nikifinya touche moja, kibonye kimoja tu, inaandika yenyewe "alitutoka kisha ugonjwa mufupi".

Leo mama Kavira amefika ku bureau. Mutoto wake balimupiga risasi ku barabara ya Kayna, na radio ilisoma "ugonjwa mufupi", juu nilifinya ile touche.

"Hakukuwa mugonjwa," alisema pole pole. "Balimuua. Batu bajue."

Nilimuomba pardon. Nikaandika upya, lettre kwa lettre, bila touche: "aliuawa".

Kisha patron wa radio akasema: "Mais weka touche ya 'aliuawa' pia. Sasa benye banauawa ndio bengi."

Niliiweka. Mbele jioni ifike, nilikuwa nimekwisha kuifinya juu ya mufu mwingine.